Kukosea Pamoja

Mume wangu alikuwa ameshafika ukutani. Alikuwa ameegemeza bega, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri kupigwa picha, na macho yake yalikuwa yakiniambia njoo, unangoja nini. Mimi nilikuwa bado katikati ya chumba. Kulia kwangu kulikuwa na ukuta na mume. Kushoto kulikuwa na dirisha, na chini yake kipande cha jua sakafuni ambacho hakikuwa na mtu. Wenzetu walikuwa wameketi kwenye mabenchi wakitutazama. Hata fundi cherehani, aliyekuwa akikohoa tangu asubuhi, alikuwa amekimeza kikohozi chake asije akakosa kitu.

Hatua chache tu kuelekea kulia, na ningekuwa nimepata kazi ng'ambo, mshahara wa maana, na chumba chenye mlango wa kutokea bustanini. Jibu sahihi lilikuwa kushoto.

Inabidi nieleze habari ya ukuta na dirisha, maana nikiwaambia watu kwamba ndoa yangu iliishia katikati ya vitu hivyo viwili huniangalia kwa huruma na kuniuliza kama nimekula. Miaka ile kulikuwa na wakala aliyekuwa akitafuta watu wa kwenda kutunza wazee katika nchi ya watu wanaosema Kihispania. Hakutaka mtu mmoja mmoja, alitaka mume na mke: mke apike na kumwogesha mzee, mume aendeshe gari na kukata majani. Masharti yalikuwa ndoa, afya na lugha. Ndoa tulikuwa nayo, kwa maana ya cheti. Afya tulikuwa nayo. Lugha tulikwenda kuitafuta katika chumba kimoja juu ya duka la magodoro, ambako harufu ya sponji mpya ilipanda ngazi pamoja nasi na kukaa nasi darasani kama mwanafunzi mwenzetu.

Mwalimu wetu alikuwa amewapikia wasimamizi wa kigeni kwa miaka mingi, wakati wakijenga bwawa la umeme, na Kihispania chake alijifunza akiwa ameshika mwiko. Tulimwita Senyori kwa sababu alitulazimisha. Alikuwa mtu wa majigambo, mwenye kitambi kilichotangulia kuingia darasani, lakini kusema kweli lugha aliijua. Alituambia kwamba Kihispania kina misemo ya vitendo ambayo mgeni akiichukua ilivyo atajiaibisha. Mtu akisema *tomar el pelo*, kushika nywele, hapo hakuna nywele wala kichana, anasema mtu anafanyiwa mzaha. *Meter la pata*, kutia mguu, ni kuboronga. Wenzangu waliguna kwa mshangao. Kinyozi mmoja alisema hiyo ni lugha ya watu wasio na akili timamu. Nilimtazama nikamwonea aibu, yeye aliyekuwa akipiga simu kila siku bila simu kuumia, na aliyewahi kula kiapo mahakamani akatoka na njaa yake ileile.

Ugumu, alisema Senyori, ni kwamba maneno yaleyale siku nyingine humaanisha yalivyo. Nywele huwa nywele, mguu huwa mguu. Kinachoamua ni sentensi nzima. Kwa hiyo alikuwa na njia yake ya kufundisha. Alisoma sentensi, nasi tukainuka. Ukiona kitendo kimefanyika kweli, kwa mikono na miguu, unakwenda kusimama dirishani. Ukiona ni msemo tu, unakwenda ukutani. Hakukuwa na kuandika, hakukuwa na kunyoosha kidole. Mwili wako ndio uliojibu, na ukikosea ulibaki umesimama palepale na ujinga wako, kila mtu akiuona.

Mimi sikukosea. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa mpokea simu katika kampuni ya bima, na kazi ya mpokea simu ni kusikiliza hadi mtu amalize, kwa sababu watu huanza na matusi na kumalizia na shida yao, au huanza na salamu ndefu na kumalizia kwamba nyumba imeungua. Isitoshe nilikipenda Kihispania. Nilikipenda kwa sababu ilikuwa lugha pekee ambayo mume wangu hajawahi kunikatizia sentensi ndani yake.

Yeye alinifuata. Nikienda dirishani, alikuja dirishani; nikigeuka ukutani, aligeuka. Kila mara alikuwa nyuma yangu kidogo, kwa mwendo wa mtu aliyefikiri akaamua mwenyewe. Akifika aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayethibitisha. Alikuwa dereva wa gari la mkate, na darasa zima lilimbandika jina la Trela. Alilipenda. Alidhani wanausifu udereva wake.

Na njiani kurudi nyumbani alinieleza somo. Ndiyo, yeye ndiye aliyenieleza mimi.

"Unajua mke wangu, siri ya lugha hii ni kuwahi. Ukisikia tu neno la kwanza, unajua."

"Leo uliwahi?"

"Niliwahi, ila nilikuachia utangulie. Wewe ni mwanamke, nisingependa uonekane umebaki nyuma."

Siri ya kuwahi. Mume wangu hakuwahi kusikiliza sentensi yoyote mpaka mwisho, tangu nimjue. Ukimwambia mchuzi umeungua kidogo lakini unalika, alikuwa ameshavaa shati kwenda kula kwa dada yake. Ukimwambia dada yake ameanguka ila hakuumia, alikuwa ameshatoka mbio kukodi gari. Watu walimwona mwepesi wa kusaidia. Mimi nilibaki nyumbani na nusu ya pili ya kila sentensi, sina pa kuipeleka.

Kuna siku moja, miaka mitatu kabla ya darasa lile, nilitoka hospitali nikamkuta ameketi kizingitini akifunga kamba za viatu. Nilikuwa na jambo la kumwambia na nilikuwa nimelipanga njia nzima liwe fupi, nisije nikavunjika katikati. Nikasema, "Daktari anasema mimba ipo, lakini mtoto hana uhai." Nilipofika kwenye "ipo" alikuwa ameshasimama. Alitoka nje kiatu kimoja hakijafungwa, akamwita jirani wa kulia, akamwita jirani wa kushoto, akampigia kelele muuza duka wa ng'ambo ya barabara. Nilisikia shangwe. Mimi bado nilikuwa nimesimama ndani, na maneno yangu mawili ya mwisho nilikuwa nimeyasemea kiti.

Ilibidi nitoke nikaimalizie sentensi pale nje, mbele ya watu waliokuwa wakimpa mkono. Niliona mikono ile ikishuka mmoja mmoja. Mama mmoja alinivuta akanikumbatia, na mume wangu akanitazama juu ya bega la yule mama, amekasirika kama mtu aliyeaibishwa na mtoto mbele ya wageni.

"Sasa si ungeanza na hilo la mwisho?" aliniambia usiku.

Tangu siku ile nilimdharau. Sisemi nilimchukia. Chuki inataka nguvu, inataka uamke nayo na kuilisha, na mimi nilikuwa na kazi. Dharau haitaki chochote. Unampakulia mtu chakula, unamfulia, unamjibu "ndiyo", na dharau inakaa pale mezani imetulia.

Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini nilitaka kwenda naye ng'ambo. Nilitaka kwenda; yeye ndiye aliyekuwa tiketi. Nilifikiri nyumba itakuwa kubwa, yeye atakuwa bustanini na mimi jikoni, na mchana kutwa nitazungumza na bibi mzee ambaye hana pa kukimbilia nikiwa katikati ya neno.

Siku moja Senyori alisoma, "*Mi hermana dio a luz en enero*." *Dar a luz*, kutoa kwenye mwanga. Nilijua. Nilikwenda ukutani nikageuza uso, nikasikia viatu vya mume wangu vikija nyuma yangu, na sauti yake ikimnong'oneza kinyozi, "Hii maana yake kuwasha taa." Kinyozi akamwambia, "Ni kuzaa, bwana wee." Mume wangu akacheka kwa nguvu, akapiga paja, akasema hakuna lugha tamu kama hii. Nilisoma ufa mmoja wa rangi ukutani mpaka Senyori alipotuambia tukae.

Mtihani ulisimamiwa na mwanamke wa wakala. Alikuja na viatu virefu vilivyolalamika kila ngazi, akapangusa benchi kwa karatasi kabla ya kukaa, akatueleza utaratibu kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

"Sitazami nani anajua zaidi," alisema. "Wale wazee wamechoka, hawataki ugomvi jikoni. Mama mwenye nyumba akisema jambo, mume akaelewa hivi na mke akaelewa vile, mmoja atafungua mlango na mwingine ataufunga. Kwa hiyo mume atatangulia, mke atafuata. Mkikosea wote wawili, hilo ni kosa dogo, nawavumilia mara mbili. Mkisimama mbalimbali hata mara moja, mmeondoka."

Senyori alikohoa kidogo. "Yaani wakikosea pamoja..."

"Wakikosea pamoja wanarekebishika pamoja."

Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu mwenye kucheka. Watu walikuwa wakiitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mke wa fundi cherehani alimshika mumewe mkono, akasema, "Ni kweli kabisa, dada." Alikuwa mwanamke mwerevu, yule. Darasani alikuwa wa pili baada yangu. Siku ile nilimwona akimfuata mumewe mara mbili kwenye kosa, macho makavu, akatabasamu kila alipofika. Wakafaulu. Fundi alimkumbatia akakohoa kwa furaha, na mimi nikampigia makofi mke wake kwa vidole vya mkono mmoja kwenye kiganja cha mwingine, makofi ambayo hayasikiki.

Zamu yetu ikaja. Mume wangu alisimama akavuta mkanda wa suruali. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze masomo ilimbidi atangulie.

Sentensi za mwanzo zilikuwa nyepesi, tukapita. Kisha Senyori akasoma, "*El perro estiró la pata...*" na mume wangu alikuwa ameshaondoka. *Estirar la pata*, kunyoosha mguu, ndiyo kufa. Kama sisi tunavyosema mtu amekata kamba, na hakuna kisu wala kamba. Hilo alikuwa amelikariri, na alikwenda ukutani akiwa na furaha ya mtu aliyekutana na rafiki. Nyuma yake Senyori alikuwa akimalizia, "*...y se volvió a dormir.*" Mbwa alinyoosha mguu akalala tena. Mbwa mzima kabisa, mwenye usingizi tu.

Nilimfuata. Nilitembea mpaka ukutani nikasimama kando yake, na mbwa wa watu tukamuua wawili. Mwanamke wa wakala alinitazama na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Vizuri," alisema. Senyori alitazama chaki yake. Mume wangu alininong'oneza, "Umeona? Kuwahi." Nikaifikiria bustani.

Kosa moja lilikuwa limekwenda, na moja lilikuwa limebaki kwenye uvumilivu wa mama yule. Tukapita nyingine kadhaa. Ikabaki sentensi ya mwisho.

"*El cocinero tiró la toalla...*"

Kurusha taulo. Kukata tamaa. Alikuwa ameshageuka, ameshapiga hatua, mikono inaingia mfukoni. Senyori alipandisha sauti, nadhani kwa ajili yangu, na kusema iliyobaki neno kwa neno: "*...al suelo y secó el agua con el pie.*" Mpishi alirusha taulo sakafuni akakausha maji kwa mguu. Niliyaona maji yale. Nilimwona mpishi, pengine Senyori mwenyewe akiwa kijana, jikoni kwa wageni, sufuria imemwagika, naye anasugua sakafu kwa unyayo huku anatukana. Hakuna mtu aliyekata tamaa hapo. Kulikuwa na taulo, na sakafu, na maji.

Mume wangu akaegemeza bega ukutani.

Ndipo nilipobaki katikati ya chumba. Nilijua hesabu yote. Nikienda kwake, ni kosa la pili, linavumilika, tumefaulu, tunaondoka. Nilijaribu. Mguu wangu wa kulia ulitoka. Lakini nilikuwa nimeisikia sentensi mpaka mwisho, na ghafla niliona waziwazi kazi yenyewe ilivyokuwa. Ilikuwa ni kusikia mpaka mwisho halafu kwenda kusimama kama ambaye hakusikia. Kazi hiyo nilikuwa nimeshaifanya miaka tisa, bure, bila kupanda ndege.

Nikaenda dirishani.

Jua lilikuwa la moto miguuni. Chini mtaani kijana wa duka alikuwa akibeba godoro kichwani, haoni mbele. Nyuma yangu mume wangu akasema, kwa sauti aliyoitumia kuniambia nimesahau chumvi, "We vipi? Njoo huku."

"Jibu liko huku."

"Njoo huku nimekwambia!"

Senyori alifungua mdomo. "Kwa kweli jibu la sentensi hii..."

Mwanamke wa wakala aliinua kiganja. "Jibu halihitajiki, mwalimu. Wametengana." Akatazama mabenchi ili wanaofuata wasimame.

Senyori alinikuta kwenye ngazi. Alikuwa akihema. "Ilikuwa dirisha," alisema.

"Najua."

"Na mimi najua kwamba unajua. Lakini dada yangu, yule mama ndiye anayenilipa."

Nilimwambia anipishe, kitambi chake kilikuwa kimeziba njia.

Nyumbani mume wangu hakunipiga, hakupaza sauti. Alikaa kitandani na viatu vyake. "Kwani ungenifuata ungekufa?" aliuliza, na niliona anauliza kweli, anataka kujua. Nilianza kumjibu. Nilisema, "Siku ile nilipotoka hospitali..." naye akainuka, akasema basi, unaanza mambo ya zamani, akaenda kwa dada yake.

Wifi yangu alikuja kesho yake, amejifunga khanga kiunoni kama mtu aliyekuja kuhamisha mizigo. "Wifi, mume ni kichwa," alisema. "Ungefumba macho tu ukamfuata. Sisi wote tunafumba." Nikamwambia afumbue, ananikanyagia nguo nilizoanika chini. Akaniita jeuri. Mtaa mzima ukaniita jeuri, na wale wa darasani wakaeneza kwamba nilikosea sentensi nyepesi, nikamponza mume wa watu. Sikumsahihisha mtu. Ukitaka kumsahihisha mtu lazima kwanza umheshimu kidogo.

Kabla mwaka haujaisha tulikuwa tumeachana, na yeye alikuwa ameshamwoa dada aliyekuwa akiuza katika duka la magodoro, yule wa chini yetu. Sikuwa na neno naye. Alikuwa mchangamfu, mwenye mashavu, na nadhani Kihispania alichokijua ni kile kilichovuja kwenye dari. Walifanya mtihani. Nilisikia walikosea pamoja mara mbili kamili, wakafaulu, na mwanamke wa wakala akawatolea mfano. Siku ya kuondoka walipita mbele ya ofisi yetu na gari lenye maputo. Mimi nilikuwa kwenye mkonga wa simu, namsikiliza mzee mmoja aliyeibiwa ng'ombe, na yule mzee alikuwa bado hajafika kwenye ng'ombe.

Miezi mingi ilipita. Asubuhi moja simu iliita, nikataja jina la kampuni, nikasikia pumzi ambayo ningeitambua popote.

"Ni mimi," alisema. Kumbe namba pekee aliyokuwa ameikariri maishani mwake ilikuwa ile ya kazini kwangu. "Sina muda, simu ya hapa ni ya bibi. Nisaidie neno moja tu, wewe si ulikuwa unajua haya mambo."

"Sema."

"Bibi amekasirika tangu jana. Anasema, *os voy a poner de patitas en la calle.* Anarudia hiyohiyo."

Nilifumba macho. Aliitamka vizuri, masikini. Ng'ambo ilikuwa imemnyoosha ulimi. *Nitawawekeni vijiguu barabarani.* Nilimwona bibi yule ambaye ningemsikiliza mchana kutwa, amesimama kwenye korido yake anatetemeka kwa hasira, anawaambia watu wawili wanaomchekea kwamba amewafukuza kazi.

"Nyinyi mmeelewaje?" niliuliza.

"Si miguu? Barabarani? Anataka atoke nje atembee, amechoka kukaa ndani. Tumemvika viatu na koti, tumemtoa mpaka nje ya geti, lakini anazidi kupiga kelele. Majirani wametoka. Nikasema nihakikishe."

"Na mkeo anasemaje?"

"Anasema hivyohivyo. Tumekubaliana."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Basi mmefaulu," nilimwambia.

Nilimsikia akicheka, akimwambia mtu kando yake, "Si nilisema?" Nilivuta pumzi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia maana yake, yote, mpaka mwisho. Alikuwa ameshakata simu.